Pua ya Sista Bebb

Kila asubuhi, baada ya uji na kabla ya dawa, Sista Bebb aliwanusa watoto.

Alianzia kitanda cha kwanza, upande wa bustani ya kabichi, akaishia cha ishirini na mbili, karibu na mlango wa jikoni. Aliinama, mikono nyuma, akaisogeza pua kwenye ukingo wa plasta, lile gamba gumu la jasi linalonyoosha mfupa, akavuta pumzi mara moja, akasema, "Safi," akaenda kwa mwingine. Plasta haina dirisha. Nyama ikianza kuoza ndani yake, jicho halioni na mkono haufiki. Pua ndiyo inayojua kwanza. Na pale Coldmoor, hospitali ya watoto wa mifupa mpakani mwa Uingereza na Wales, kuanzia daktari hadi mfua nguo, wote waliamini kwamba pua ya Sista Bebb haikuwa imekosea kwa miaka kumi na tisa.

Watoto waliifanyia mzaha, bila shaka. Minnie Tranter wa kitanda cha kumi alikuwa na miaka tisa, na mgongo wake ulikuwa umefungwa kwenye fremu ya chuma kwa miezi kumi na minne, ila mdomo wake haukupata kufungwa hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa akibweka kwa sauti ndogo Sista alipokaribia, halafu akatazama dari kama mtakatifu.

Banda la wodi lilikuwa na kuta tatu tu. Upande wa nne uliachwa wazi mwaka mzima, kwa sababu daktari aliamini kuwa upepo huponya mifupa kuliko dawa, na wakati wa baridi wauguzi walifagia theluji juu ya mablanketi ya watoto. Sasa ulikuwa mwezi wa Juni. Wakulima walikuwa wakikata nyasi shamba la jirani, na ndege shore walitua kwenye vitanda kuiba makombo ya mkate mbele ya watoto wasioweza kuinua mkono kuwafukuza.

Alhamisi hiyo Hester Gittins alimfuata Sista akiwa amebeba sinia la bandeji. Hester alikuwa na miaka ishirini, binti wa mhunzi, muuguzi mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mikono yake ilikuwa mipana, na alipewa kazi zote zilizohitaji nguvu. Walipofika kitanda cha tisa, Sista aliinama juu ya mguu wa Letty Breeze, akavuta pumzi, akasema, "Safi." Hester naye, akiwa nyuma yake, akapata harufu ya kafuri.

Kafuri yenyewe haikuwa ajabu. Mabibi wa vilima vile huwatundikia wajukuu kifuko cha kafuri shingoni wakati wa baridi ili kufukuza kikohozi, na hicho ndicho kitu pekee kutoka nje kilichoruhusiwa kuingia wodini bila kuchemshwa. Vingine vyote, mdoli, utepe, skafu, hupitia kwanza kwenye pipa la Mama Onslow mfua nguo, vikatoka vimesinyaa na kunuka sabuni ya kuua vijidudu. Lakini kafuri mwezi wa Juni, jua likiwaka namna ile? Hester alijiuliza hivyo, kisha Sista akamwita, akasahau.

Letty alikuwa na miaka kumi. Alizaliwa na mguu wa kushoto uliogeukia ndani, unyayo ukitazama mwenzake, na daktari alikuwa akiunyoosha kidogo kidogo, plasta baada ya plasta, tangu mwaka uliopita. Hii ya sasa ilikuwa na wiki mbili. Jumamosi saa nne angekuja baba yake na mkokoteni wa jirani kumchukua, akae nyumbani na plasta yake wiki sita, ndipo arudi. Habari hiyo kila mtu aliijua, hata shore, kwa sababu Letty hakuwa na nyingine. Na aliyokuwa nayo ilikuwa nzito kwa mtoto. Mama yake alishakufa. Baba yake, Amos Breeze, mchonga mawe, alikuwa anapanda meli Liverpool siku ya Jumanne kwenda Kanada kwa kaka yake. Angemwita Letty baadaye. Baada ya miaka miwili, alisema, labda mitatu. Hadi wakati huo Letty angebaki na bibi yake.

Kwa hiyo kulikuwa na siku tatu: jioni ya Jumamosi, Jumapili nzima, na Jumatatu hadi saa ya treni. Letty alizihesabu mbele ya kila aliyepita.

Wiki iliyotangulia alikuwa amelia. Kisigino kilimchoma, alisema, kama vile kuna kaa la moto ndani. Sista akamwambia visigino vyote hulalamika plasta ikiwa mpya, na kweli hulalamika. Jumanne akanyamaza. Wodi nzima ilishukuru, Hester akiwa wa kwanza, maana kilio cha mtoto usichoweza kukituliza huchosha kuliko kubeba maji.

Ijumaa wakati wa kifungua kinywa Hester aliona jambo jingine. Wazazi waliokuwa na kuku walileta mayai, na kila yai liliandikwa jina la mtoto kwa penseli ili jikoni wasichanganye. Mtoto angekubali kukatwa kidole kuliko kumpa mwenzake yai lake. Sasa kwenye sahani ya Minnie Tranter kulikuwa na maganda ya mayai mawili, na moja lilikuwa na maandishi: L. Breeze.

"Yai la Letty limefikaje kwako?" Hester aliuliza.

"Kanipa."

"Kwa nini?"

"Mimi rafiki yake, Nesi. Kwani wewe huna marafiki?"

Minnie alitazama dari. Hester akamgeukia Letty. Mashavu yalikuwa mekundu, lakini si wekundu wa jua. Alimpima joto: lilikuwa limepanda, si sana. Akatafuta kifuko cha kafuri shingoni, hakipo. Akainama kama Sista afanyavyo, akasogeza pua kwenye ukingo wa plasta chini ya goti, na kafuri ikampiga hadi machozi yakamtoka. Aliingiza kidole. Kifuko kilikuwa kimesukumwa ndani, kati ya plasta na mundi, mfupa wa mbele wa mguu, na kamba yake ilikuwa imefichwa chini ya soksi.

Letty alimshika mkono kwa nguvu zake zote.

"Usikitoe, Nesi. Tafadhali."

"Letty, inauma?"

"Haiumi. Haiumi tena hata kidogo."

Hapo Hester aliogopa. Daktari Lathbury alikuwa amewafundisha wauguzi wanafunzi neno moja ambalo wote walilicheka kwa sababu ya jinsi alivyolisema, kidole juu kama mhubiri: kisigino kinacholia mshukuruni Mungu, kinachonyamaza kiogopeni. Maana yake nyama imekufa, na kilichokufa hakiumi.

Letty alieleza kwa kunong'ona, harakaharaka. Jumatatu alisikia harufu yeye mwenyewe, usiku, chini ya blanketi. Alijua plasta ikinuka hukatwa, na ikikatwa mtoto haendi nyumbani. Akakisukuma kifuko ndani kifunike harufu, akamwomba Minnie asimwambie mtu, akamlipa yai, na akaahidi yai la kesho pia.

"Ni siku tatu tu, Nesi. Jumanne baba akishapanda meli, nitamwambia bibi mimi mwenyewe. Naapa. Usiseme kitu kuhusu kifuko. Niahidi."

Kuna watu wangekataa pale pale. Hester hakuwa mmoja wao. Alimtazama mtoto yule, macho makavu, mkono wa moto, akasema, "Sawa. Sitasema kuhusu kifuko." Na tangu alipoyasema maneno hayo alijua amefanya upumbavu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hester alijaribu kukwepa methali na ahadi kwa mkupuo mmoja. Alikwenda kwa Sista na nusu ya ukweli: kwamba Letty ana homa kidogo, amekataa chakula, na kisigino kilichokuwa kikiuma kimenyamaza ghafla. Akaomba plasta ikatwe. Mtu hakati plasta Coldmoor bila amri ya daktari au ya Sista. Mwaka uliopita muuguzi mwanafunzi mmoja alikata kwa akili yake mwenyewe, na jioni hiyo hiyo alikuwa kwenye treni na sanduku lake. Daktari naye hakuwa na zamu ya kuja hadi Jumapili.

Sista Bebb hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Nimeunusa mguu huo asubuhi ya leo. Nilisemaje?"

"Ulisema safi, Sista."

"Basi. Mtoto anakwenda nyumbani kesho, ana kiherehere. Hata mimi ningekuwa na homa. Au unataka kuniambia, Gittins, kwamba sijui kunusa?"

Hester alisema hapana, Sista, akatoka. Alijiambia kwamba amekwisha kusema, lawama si yake tena. Lakini akiwa njiani kurudi wodini alikumbuka maziwa. Jumatano sufuria ya maziwa iliungua jikoni hadi harufu ikawafikia waliokuwa wakikata nyasi, na Sista alikuwa ameketi hatua tatu kutoka mlango wa jikoni, anaandika. Kalamu yake haikusimama. Aliinuka tu alipoona moshi, akamgombeza mpishi mpaka mpishi akalia. Hester aliwaza jambo ambalo hakuthubutu kulimaliza.

Jumamosi saa mbili asubuhi Letty alikuwa amevalishwa gauni lake la kusafiria, nywele zimesukwa, kofia kifuani. Sista alikuwa ameshapita. "Safi," alisema. Saa mbili zilibaki.

Hester alikuja na pini ya kofia. Alimwambia Letty afumbe macho, wacheze mchezo: kila nitakapokugusa kidole cha mguu, sema ndiyo. Vidole vilichungulia kwenye ncha ya plasta, vimevimba kidogo, rangi yake ya udongo. Alichoma kidole kikubwa. "Ndiyo," Letty alisema. Akachoma kidogo kabisa. "Ndiyo." Kisha Hester akaiondoa pini, akaishika hewani, akasubiri.

"Ndiyo," alisema Letty. Baada ya kitambo, "Ndiyo." Na tena, huku kope zikitetemeka kwa jinsi alivyozifumba, "Ndiyo, Nesi. Nimeisikia sana hiyo."

Kitanda cha jirani Minnie alikuwa ameona yote. Kwa mara ya kwanza hakutazama dari.

Hester alisimama. Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kusafisha taa, na kitambaa cha kufutia kilichokuwa kwenye ndoo yake kilikuwa kimelowa mafuta ya taa. Sista Bebb aliyachukia mafuta ya taa kuliko dhambi; kila muuguzi alijua kwamba ukija ofisini kwake na mikono inayonuka taa, unafukuzwa mlangoni kabla ya kusema shikamoo. Hester alikichukua kitambaa kile. Hakujiuliza kama ni ukatili. Aliingia ofisini, akafunga mlango, akakiweka juu ya meza, shubiri moja kutoka usoni mwa Sista, akaanza kuzungumza.

Alieleza homa. Alieleza pini. Alieleza kifuko cha kafuri, ahadi na yote. Sista alisikiliza, midomo imebana.

"Nimeunusa mguu ule siku tatu mfululizo," alisema. "Kafuri ningeisikia, mtoto wewe. Kafuri hata maiti anaisikia."

"Sista, hapo mbele yako kuna kitambaa."

"Nakiona."

"Kina mafuta ya taa. Kimekuwepo tangu nilipoingia."

Sista Bebb alikitazama kitambaa. Alikichukua, akakisogeza puani, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayevuta kamba ya kisima na ndoo haiji. Uso wake ulizeeka mbele ya Hester.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

"Tangu maziwa. Lakini sikutaka kujua."

"Homa ya Februari," Sista alisema. "Nilidhani itarudi. Machi nikasema itarudi, Aprili nikasema itarudi. Chai sasa hivi ni maji ya moto tu, na waridi ni karatasi." Alikunja kitambaa mara mbili, vizuri, kana kwamba ni leso. "Wakijua watanistaafisha. Nina dada Hereford ambaye hanipendi. Ndiyo, Gittins, watoto ishirini na wawili, na mimi nilifikiria chumba cha uani kwa dada yangu."

Hester alimhurumia, na alimkasirikia vilevile. Nje, mbali, magurudumu yalisikika kwenye kokoto za barabara ya kijijini. Baba Breeze alikuwa amewahi.

Sista aliinuka. Alifungua kabati, akatoa mkasi mkubwa wa plasta na chupa ya siki.

"Utakata wewe. Una mikono ya baba yako. Mimi nitaushika mguu, na utaniambia unanusa nini. Usinifiche."

Letty alipouona mkasi hakupiga kelele. Alimtazama Hester tu.

"Ulisema hutasema."

"Nilisema hivyo," Hester alijibu. 

Walipaka siki mstari mmoja kutoka goti hadi vidole ili plasta ilainike. Mkasi ulikula robo inchi, ukakwama, ukala tena. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiyeharakisha, na anayeharakisha hukata ngozi. Jasho lilimtiririka Hester machoni. Sista alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili, imara, akiuliza kila baada ya muda: sasa? Siki tu, Sista. Sasa? Siki na kafuri. Mkokoteni ulisimama langoni. Mlinzi alisikika akisema leo si siku ya wageni, bwana, subiri nje, na sauti ya mwanamume ikajibu kwamba yeye si mgeni, amekuja kumchukua mwanawe.

Hapo ndipo Letty alipolia. "Baba," aliita. "Baba, niko hapa. Waambie waache. Baba." Aliita hivyo tena na tena, si kwa maumivu, maana mguu haukuuma, na mkasi ukiendelea chini yake. Watoto wengine walianza kulia vitandani mwao, mmoja mmoja kuelekea mwisho wa banda. Hester alikuwa akilia pia. Hakuacha kukata.

Mkasi ulipofika kifundoni harufu ikatoka. Mpishi aliisikia akiwa jikoni, akafunga dirisha.

"Sasa?" Sista aliuliza.

"Ndiyo, Sista."

"Niambie."

"Imeoza. Imeoza sana."

Waliifungua plasta kama ganda. Nyuma ya kisigino kulikuwa na doa jeusi, pana kama sarafu ya peni, na pembeni yake ngozi ilikuwa imeinuka, usaha ukipita chini yake kuelekea kifundo. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda mundi. Sista aliufuata kwa kidole bila kuugusa, akapima ulipofika, halafu akamwagiza mlinzi apande baiskeli hadi stesheni apeleke simu ya maandishi kwa daktari, mara moja. Kisha akaongeza, "Na yule baba mwambie apite."

Mlinzi alisema leo si siku ya wageni, Sista.

"Kanuni niliiandika mimi. Mwambie apite."

Amos Breeze aliingia na suti yake nyeusi ya mazishi, kofia mkononi, kitambaa chekundu shingoni. Alikuwa mwanamume mfupi, vumbi la mawe limemwingia kwenye makunyanzi hata sabuni haikuliweza. Alitazama mguu. Alimtazama bintiye, ambaye alikuwa amegeuzia uso ukutani. Sista alimweleza yote papo hapo, amesimama wima, na hakumlaumu mtoto, hakumlaumu Hester. Alisema, "Nilinusa nikasema safi. Pua yangu imekufa tangu majira ya baridi na nilificha. Kosa ni langu." Alisema kwa sauti ya kawaida, wodi nzima ikasikia.

Mchonga mawe aliikunja kofia mkononi. Hester alidhani atapiga mtu. Badala yake mchonga mawe aliuliza kama angeweza kukaa.

Alikaa siku nzima. Jirani mwenye mkokoteni alirudi peke yake. Mtoto alifungwa kitambaa cha maji moto kila robo saa, na baba yake ndiye aliyeushika mguu, kwa sababu maumivu sasa yalikuwa yamerudi, na maumivu yakirudi ni habari njema isiyofurahiwa na anayeumwa. Saa ya chai Minnie Tranter alimwita Hester. Alikuwa ameficha yai chini ya mto wake, lake mwenyewe, limeandikwa M. Tranter.

"Mpe. Na umwambie sitaki lile aliloniahidi."

Baba Breeze alilimenya kwa vidole vyake vinene, akamlisha Letty kipande kwa kipande. Alimweleza habari za meli, na ng'ombe wa kaka yake, na mto ulioganda hata farasi wakapita juu yake. Letty aliuliza swali moja tu: kwa nini isiwe Jumanne ijayo? Akamjibu kwamba meli haimsubiri mtu kama yeye. 

Daktari Lathbury alishuka kwenye treni ya saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu. Alisafisha kidonda, akakata nyama iliyokufa, akaosha mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mguu utabaki, alisema. Kisha akamvuta Hester kando, akaweka ubavu wa kiganja chake chini ya goti lake mwenyewe. "Siku tatu zaidi, ningekata hapa. Kama angekuwa bado hai." Sista Bebb alimngoja amalize, akamwomba dakika tano ofisini, mlango umefungwa.

Amos Breeze alisimama kuondoka. Alikuwa na maili tisa za kutembea. Alimpa Hester mkono, hakuuachia. "Ningempeleka nyumbani kwa furaha," alisema. "Ningemfungia mlango na kumwacha afe, mimi niko baharini naandika barua." Halafu akaenda kitandani, akainama juu ya mwanawe, na Hester akageuka kutazama bustani ya kabichi.

Jumapili asubuhi, baada ya uji, Sista Bebb alitoka ofisini. Daktari hakuwa amemfukuza; alikuwa amempa adhabu iliyo nzito zaidi, kubaki. Alisimama mbele ya kitanda cha kwanza, akachukua sinia la bandeji kutoka mikononi mwa Hester.

"Leo utanusa wewe," alisema. "Mimi nitabeba."

Hester aliinama kitanda baada ya kitanda, mikono nyuma kwa sababu hakujua pa kuiweka. Safi. Safi. Minnie hakubweka. Kitanda cha tisa Letty alikuwa ameamka, mguu uko juu ya mto ndani ya bandeji nyeupe. Tangu jana asubuhi hakuwa amemsemesha Hester hata neno moja, na Hester hakuona sababu ya kulilazimisha. Alinusa bandeji: dawa, na nyama mbichi inayopona.

"Safi," alisema.

Wakati huo huo Mama Onslow mfua nguo alikuwa amefika na kikapu chake, na jicho lake halikukosa kitu. Chini ya kidevu cha Letty, mkononi, kulikuwa na kitambaa chekundu cha shingoni, kikubwa, kimechakaa. Kitu cha nje hicho, alisema Mama Onslow, kimelala wodini usiku kucha bila kuchemshwa, na kinanuka mpaka huku. Akanyoosha mkono.

Letty alikikumbatia. Alimtazama Sista, akamtazama Hester, na ndipo aliposema na Hester kwa mara ya kwanza. "Kinuse, Nesi."

Hester aliinama. Tumbaku. Jasho la siku nzima. Farasi wa jirani, vumbi la mawe, na chini kabisa, sabuni ya mtu aliyejitahidi kunawa vizuri asubuhi ya Jumamosi.

"Kikifuliwa harufu yake itaisha," Letty alisema.

 Mama Onslow alisema kanuni ni kanuni, na kama kitambaa kile hakinuki basi yeye si mwanamke. Wote wakamgeukia Sista Bebb, aliyeandika kanuni.

Sista alisogea na sinia lake. Aliinama juu ya kitambaa chekundu, akavuta pumzi ndefu mbele ya watoto wote ishirini na wawili.

"Mimi sisikii harufu yoyote," alisema. "Twende kitanda cha kumi."